Nembo za vikosi vya dharura zisomeke kwa mbali

Mhariri,

Sisi mafundi wa taarizi hapa Mombasa twawaomba wanaoidhinisha nembo za vikosi vya dharura, vya polisi na vya zimamoto, wazijue kanuni za ngao, yaani kanuni za kale za kuchora nembo, kabla kitambaa hakijakatwa.

Kubwa ni ya rangi. Manjano na nyeupe huhesabiwa dhahabu na fedha. Nyekundu, buluu, nyeusi na kijani ni kundi jingine. Rangi haiwekwi juu ya mwenziwe wa kundi moja. Itazameni ngao ya taifa: nyeusi juu, nyekundu kati, kijani chini, na baina yake mistari myeupe. Jogoo na shoka lake ni weupe juu ya nyekundu, kwa hivyo huonekana hata ngao ikiwa ndogo kama kifungo. Lakini mara nyingi huletwa mchoro wa radi nyekundu juu ya buluu iliyokoza. Usiku, chini ya taa za barabarani, hilo ni doa jeusi tu. Radi ipewe ukingo mweupe wa milimita 2, itasomeka.

Nyoka wa nembo za tiba naye hukosewa. Fimbo ya Asclepius, tabibu wa hadithi za Wayunani, ina nyoka mmoja, haina mabawa. Yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, mungu wao mlinzi wa wafanyabiashara. Kikosi cha Tiba cha Jeshi la Marekani kiliichukua mwaka 1902 na mkanganyiko ukaenea. Msalaba mwekundu usiguswe kabisa! Unalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Alama ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya kijani.

Kisha upande. Simba achorwaye ndani ya ngao kwa kawaida huelekea kushoto kwa mtazamaji. Beji ikishonwa mkono wa kushoto wa shati, anatazama mbele; ikihamishiwa wa kulia, anaonekana kukimbia kazi. Hapo mchoro wa simba ugeuzwe kwenye mashine, lakini maandishi yasiguswe, maana wapo wanaogeuza vyote na herufi zikatoka kinyume.

Herufi zikiwa chini ya milimita 5, uzi huziba matundu ya "a" na "e". Beji ya sentimita 8 hubeba maneno matatu vizuri, kama "Utumishi kwa Wote". Orodha ya kazi zote za kikosi haiwezi kutoshea. Waidhinishaji wadai sampuli iliyodariziwa, si picha ya kompyuta, waitazame wakiwa hatua 10, ndipo watie saini.

Mafundi wa nembo,
Mombasa