Kwa nini tunahangaika na nywele zako kabla ya kupima ubongo

Mteja mmoja alitazama saa mara tatu huku bado tunamtenganisha nywele. "Mbona mashine yenyewe hamjaiwasha?" Alikuwa na haki ya kuuliza: kipimo chenyewe, cha kupima ubongo kwa mwanga, kilichukua dakika kumi na mbili, maandalizi yakala nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo kazi hasa unayotulipia, kwa hiyo tuieleze.

Ukiwa gizani, washa tochi ya simu uizibe kwa ncha ya kidole. Kidole kitang'aa chekundu, kwa sababu rangi nyingine zimemezwa na damu. Mwanga wa infraredi ulio jirani na nyekundu, ambao jicho halioni, hupenya zaidi ya hapo, hata kwenye mfupa wa fuvu. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kwa mwanga huo unaweza kufuatilia oksijeni ya ubongo bila kupasua kichwa.

Siri iko kwenye hemoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu. Iliyobeba oksijeni na ile iliyokwisha kuitua hazinyonyi mwanga kwa kiasi kilekile. Kwa mwanga huo, urefu wa wimbi ukiwa chini ya nanomita 800 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), iliyotua mzigo hunyonya zaidi. Ukivuka hapo, mambo hugeuka. Basi tunatuma mianga miwili, mathalani ya nanomita 760 na 850, kisha tunalinganisha kinachorudi. Ukianza kugongesha vidole vya mkono wa kulia, sehemu ya ubongo wa kushoto inayouendesha mkono huo huletewa damu nyingi kuliko oksijeni inayotumia. Kwenye skrini mstari wa hemoglobini yenye oksijeni unapanda, wa ile iliyoitua unashuka. Lakini damu haina haraka: kilele huja baada ya sekunde tano au sita hivi. Ndiyo maana tunakwambia "pumzika" baada ya kila zoezi hata kama hujachoka.

Sasa nywele. Kofia yetu ina vitoa mwanga na vipokezi vilivyoachana kama sentimita 3. Mwanga ukishaingia kichwani hutawanyika ovyo, na ule mchache unaobahatika kufika kwenye kipokezi umepita njia iliyopinda kama ndizi, ukagusa tabaka la juu la ubongo, sentimita moja na nusu hivi kutoka juu ya ngozi. Kinachorudi ni chembe tu ya kilichotumwa. Nywele nyeusi, nzito, zikikaa chini ya kitoa mwanga na chini ya kipokezi pia, chembe hiyo inatozwa ushuru mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Kwa hiyo tunachomoa kifaa kimoja kimoja, tunasogeza nywele kwa kijiti chembamba mpaka ngozi ionekane, tunakirudisha, halafu tunatazama skrini. Tunachotafuta ni meno madogo madogo kama ya msumeno, jino moja kwa kila pigo la moyo wako. Tukiyaona, tunajua mwanga umepita kwenye damu. Tukiona vurugu tupu, tunachomoa na kuanza upya. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha mwanga ambao haukufika, ingawa wauzaji wa programu hawapendi kusikia hivyo.

Ngozi nyeusi nayo hunyonya sehemu ya mwanga, kwa sababu ya melanini, rangi ya asili ya ngozi. Hilo tunalisema waziwazi: kasoro ni ya vifaa vilivyotengenezwa bila kufikiria vichwa vyote, si ya kichwa chako. Tunaongeza nguvu ya mwanga ndani ya kiwango salama, na mahali pakigoma kabisa tunaandika kwenye ripoti kwamba pamegoma.

Wapo wanaokwepa shida yote hii kwa kupima paji la uso tu. Ni rahisi kweli, lakini kama swali lako linahusu mkono, jibu haliko kwenye paji. Isitoshe, damu ya ngozi ya paji hubadilika mtu akipata wasiwasi, na inaweza kujifanya ubongo. Sisi huweka vipokezi vya ziada karibu sana na vitoa mwanga, kama milimita 8, visikilize ngozi peke yake, kisha tunaitoa sauti hiyo kwenye hesabu.

Mawazo yako hatuyasomi. Sehemu za ndani kabisa za ubongo hatuzifikii, na ripoti yetu haichukui nafasi ya daktari. Hata hivyo unaweza kukaa, kuongea, hata kutembea polepole ukiwa umevaa kofia, bila kelele na bila kulala ndani ya mashine.

Unapoweka miadi, tuambie nywele zako zikoje: fupi, ndefu, zimesukwa au zimeachiwa. Huna haja ya kunyoa. Zilizosukwa kwa mistari iliyoachana zinatusaidia, maana ngozi iko wazi. Wigi tafadhali livue. Njoo bila mafuta mengi kichwani, kofia isiteleze.