Sisi tunaouguza wake na waume zetu nani anatuuliza hali?

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme hili jambo maana naona watu wanalizungumza chini chini tu, na wanaume ndio kabisa hawalitaji. Mke wangu ana baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vyake wenyewe, siyo ya uzee vile wengi hudhani, ilimshika hata 40 hajafika na wanawake ndio inawapata zaidi, mara mbili au tatu kushinda wanaume. Kuisha haiishi. Kuna dawa za kuituliza tu, basi.

Asubuhi ndio mtihani. Vidole vinakaza saa nzima na zaidi, kifuniko cha thamosi hafungui, vifungo vya sare ya mtoto hafungi, kufuli ya mlango ndio usiseme. Nachemsha maji naweka kwenye beseni anatumbukiza mikono, taratibu vidole vinaanza kulegea, na mimi huku nakimbizana na chai na watoto na saa ya matatu. Ikifika saa tano mchana ukimkuta soko la Mutindwa anachagua sukuma utasema huyu ni mzima kabisa, halafu jioni jirani akisikia amelala anaanza, aah, huyo mama anajifanya. Haya maneno yanamuumiza kushinda hata hivyo viungo, na mimi pia yananiuma.

Kitu kilichotusaidia ni kuacha kuulizana "unajisikiaje" kila saa. Akiamka ananiambia namba ya maumivu, kutoka 0 hadi 10, vile wanauliza hospitalini. Ikiwa 3 najua leo atapika mwenyewe na hataki nimguse mwiko. Ikiwa 7 napika mimi, wageni hakuna, na akinijibu kwa ukali najua ni maumivu yanaongea sibishani. Na siyo kila kitu namfanyia. Mwanzoni ndugu zake walitaka akae tu kwenye kochi kama mgonjwa wa kulazwa, lakini wanaojua haya maumivu ya muda mrefu wanasema ukimfanyia mtu kila kitu mwili unazidi kukaza na moyo unavunjika, afadhali afanye kidogo kidogo apumzike aendelee. Kwa hivyo akichukua dakika kumi kukata kitunguu namwacha akate.

Usiku nao una yake. Kitandani kuna wakati hata shuka likimgusa goti anashtuka, na hayo mambo ya mume na mke yanabadilika, lazima muongee waziwazi bila aibu la sivyo kila mmoja atadhani mwenzake amemchoka. Rafiki wengine huniambia eti wewe bado kijana tafuta mwingine pembeni. Nawaambia hapa gazetini waache hayo maneno, huyo ni mke wangu.

Sasa mhariri kinachonikera. Tukienda kliniki mke wangu anaitwa ndani, mimi naambiwa mzee subiri hapo kwenye benchi. Lakini nyumbani nani anatunza dawa? Ni mimi. Kuna hii methotrexate inayomezwa mara moja kwa wiki, ukiimeza kila siku kama Panadol inaweza kukuua, na hizi za maumivu tunazouziwa kwenye kemisti bila hata swali, kina Brufen na diclofenac, ukizizoea muda mrefu zinachimba tumbo na figo zinaharibika. Hayo yote anayepaswa kuyasikia kwa masikio yake amekaa nje kwenye korido anaangalia simu. Kama mgonjwa mwenyewe amekubali, mume au mke aingie, aulize, na daktari naye ageuke amuulize, wewe unalala? una mtu wa kukushika mkono? Mimi sijawahi kuulizwa hilo na mtu yeyote mwenye koti jeupe.

Halafu kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 hapa Kenya inampa mfanyakazi likizo ya mwaka siku 21, akiugua yeye mwenyewe anapata angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu, mama akijifungua miezi 3, baba wiki 2. Vizuri. Ila ya kumuuguza mwenzako haimo, kwa hivyo kila kliniki ninakata kwenye zile 21 na zikiisha ni kuomba bosi kwa kubembeleza, na wale wa vibarua hata hizo za kubembeleza hawana, siku usipoenda hujalipwa. Wabunge wetu waliangalie hili. Siombi miezi, siku chache tu kwa mwaka kwa mtu mwenye barua ya daktari, maana kwa SHA, ile bima ya afya ya serikali, tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi na hatulalamiki, lakini pesa ya matibabu bila muda wa kumpeleka mtu hospitali inasaidia nini?

Na wale wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa 2023, karibu laki moja nchi nzima, wanabisha milango yetu na mikoba yao wanapima presha. Kazi nzuri sana. Wakimaliza kumpima mgonjwa wampime na huyo anayemwinua kitandani kila asubuhi, wengi wetu presha imepanda na hatujui.

Mimi nina bahati shemeji yangu huja Jumamosi anakaa na dada yake nami napata kutoka nitembee au nilale tu. Kuna mama mmoja tunakutana naye hapo kliniki anamuuguza bwanake mgongo peke yake, hana dada wala wifi karibu. Kina baba na kina mama mlio kwa hali hii mwandikieni mhariri pia, hasa kina baba, tumenyamaza mno.

Mume anayeuguza,
Umoja, Nairobi