Sanamu yenye maini ya hariri

Kyoto, Novemba

Ndugu yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na wote hapo karakana. Mimi mzima. Uliniuliza kama huku nimeona kazi yoyote ya mti yenye maana, nikakujibu kwa mkato kwa sababu salio lilikuwa linaisha. Sasa nimekaa, sikiliza.

Upande wa magharibi wa mji huu, mahali panaitwa Saga, kuna hekalu la Seiryoji. Ndani yake kuna sanamu ya Buddha amesimama, kimo chake sentimita 160, mtu wa kawaida kabisa. Huonyeshwa kwa siku maalumu tu, na kupiga picha ni marufuku, kwa hiyo itabidi uniamini. Vazi linafunika mabega yote mawili na limemganda mwilini kama nguo iliyoloa. Mikunjo yake ni myembamba, inashuka kwa nusu duara, mmoja chini ya mwingine, hadi miguuni. Ukizoea sanamu za Kijapani unaona mara moja kwamba huyu ni mgeni.

Aliyemleta ni mtawa aitwaye Chonen. Alivuka kwenda Uchina mwaka 983 kwa jahazi la wafanyabiashara, maana serikali ya Japani ilikuwa imeacha zamani kupeleka wajumbe wake rasmi. Kule mji mkuu, Kaifeng, aliiona sanamu iliyosemwa kuwa ndiyo ya kwanza kabisa ya Buddha, iliyochongwa kwa msandali huko India kwa amri ya mfalme Udayana, Buddha mwenyewe akiwa bado hai. Hiyo ni hadithi ya kidini, si lazima mimi na wewe tubishane nayo. Chonen aliitaka, na ni wazi haikuwa ya kuuzwa wala kuombwa. Basi mwaka 985, katika mji wa Taizhou karibu na pwani, akawapa kazi wachongaji wawili, ndugu wa tumbo moja, Zhang Yanjiao na Zhang Yanxi: mnichongee nakala. Wakaimaliza kwa muda usiofika mwezi! Na hawakutumia msandali, bali mti wa jamii ya mcheri wa huko kwao.

Mgongoni waliacha uwazi, wakaufunika kwa ubao. Miaka ya 1950 wataalamu walipoufungua walikuta moyo, maini, mapafu, figo na matumbo, vyote vimeshonwa kwa hariri za rangi mbalimbali. Watawa wa kike wa Taizhou ndio waliovitoa sadaka. Nimefikiria sana hao akina mama, wamekaa wanamshonea figo mtu wa mti, tena kwa kujua kwamba ubao ukishapigwa hakuna atakayeziona. Waliziona wajukuu wa watu wengine kabisa, baada ya miaka karibu elfu moja. Humo humo kulikuwa na sarafu, kioo cha shaba, maandiko, picha za dini zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, na karatasi yenye tarehe ya kuzaliwa Chonen mwenyewe, mwaka 938, pamoja na kitovu chake. Sisi vitovu vyetu vimezikwa nyumbani. Yeye alivuka bahari nacho, akakiacha ndani ya sanamu ili kirudi nayo.

Walirudi mwaka 986, kwa jahazi la mfanyabiashara wa Kichina. Pamoja na sanamu kulikuwa na misahafu ya Kibuddha iliyochapwa, zaidi ya magombo 5,000, zawadi ya mfalme wa Uchina. Na bahari hiyo si ya mchezo. Miaka zaidi ya 200 kabla yake, mtawa wa Kichina Ganjin alishindwa mara tano kufika Japani. Safari ya tano upepo ulimtupa hadi kisiwa cha Hainan, kusini kabisa, na macho yakapofuka kabla hajafanikiwa kufika mwaka 753. Alikuja na mafundi wake pia.

Sasa nakuja kwenye jambo linalokuhusu. Wewe kila siku unalalamika kwamba wateja wanataka kinyago kilekile, hakuna anayetaka jipya, na kwamba kunakili kunaua mkono. Wajapani wana hadithi kwamba usiku mmoja sanamu ya asili ilimjia Chonen ndotoni ikasema inataka kwenda Japani, zikabadilishana nafasi, ikabaki nakala kule Kaifeng. Nadhani hadithi ilitungwa na watu waliokuwa na wasiwasi kama wako. Lakini baadaye wasiwasi ukaisha. Mwaka 1249 hekalu la Saidaiji, katika mji wa Nara, lilichongesha nakala ya hii nakala, na leo zinajulikana nyingine karibu mia moja, zenye mikunjo ileile. Hakuna aliyeona haya. Kwao, kufuata mkunjo kwa mkunjo ndiyo ilikuwa njia ya kumfikia yule wa kwanza, na sanamu iliyobuniwa upya, hata ikiwa nzuri kupindukia, isingewafikisha.

Sisemi uache kulalamika. Anayenakili ili Buddha afike kwake si sawa na anayenakili twiga kwa ajili ya mtalii. Ila ile kauli yako kwamba kunakili kunaua mkono, mimi siikubali tena.

Kingine ambacho utakipenda: mti unasema ukweli kuliko jina. Kule hekalu la Horyuji kuna sanamu ndefu, zaidi ya mita mbili, ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha. Inaitwa Kannon wa Kudara, yaani wa ufalme wa Baekje, Korea, ambako ndiko Wajapani walikopokea sanamu za kwanza karne ya 6. Lakini imechongwa kwa mkafuri, mti uliotumiwa sana na wachongaji wa Japani enzi hizo, kwa hiyo wataalamu wengi wanasema ilichongwa hapahapa.

Nijibu swali moja kama fundi. Kimo cha sentimita 160, mikunjo yote hiyo, na mgongo wenye uwazi: wewe na mdogo wako mngeimaliza kwa mwezi? Na ni mti gani mngeuchagua? Usiniambie mpingo, najua bei yake.

Wasalimie wote.

Wako,
swahiba wako wa Kyoto