Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: chuo mmekifunga sawa, ada ya mdogo wangu je?

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, mbukwenyi. Mimi nauza mahindi hapa Kibaigwa, nikienda Dodoma mjini gari linapita pale Mtumba kwenye ofisi zenu na kila safari nasema leo nashuka, sishuki, maana na hili vumbi la magunia sijui mlinzi atanielewaje. Basi naandika huku huku.

Mwaka jana nilimpeleka mdogo wangu wa kike chuo binafsi pale mjini akasome umeme wa majumbani. Ada laki sita na nusu kwa mwaka, tukalipa kwa awamu 3, magunia 12 yaliondoka hapo ukijumlisha na nauli na chumba cha Nkuhungu. Getini kulikuwa na bango kubwa limeandikwa CHUO KIMESAJILIWA, namba ya usajili hakuna, na sisi nani alituambia kuna namba ya kuulizia? Mwezi wa tisa wa masomo anaenda asubuhi anakuta geti limefungwa na karatasi imebandikwa, wakaguzi wamepita, chuo hakijasajiliwa. Mwenye chuo simu haipatikani mpaka leo.

Sasa mheshimiwa usinielewe vibaya, kukifunga mlikuwa sahihi kabisa. Mdogo wangu ananiambia darasa zima walikuwa na multimita moja (kile kifaa cha kupimia umeme), ukitaka kuishika unapanga foleni kama ya maji, na mwalimu wa vitendo alikuwa anakuja siku akipata nafasi kwenye vibarua vyake. Umeme sio kusuka nywele kwamba ukikosea unafumua (dada zangu wa saluni mnisamehe), umeme ukikosea nyumba ya mtu inaungua. Kwa hiyo masharti ya karakana, vifaa na walimu wenye sifa, kazeni hapo hapo.

Ninachouliza ni kimoja, siku mnafunga chuo nani anamuangalia mwanafunzi? Maana ukiangalia vizuri aliyevunja sheria ni mwenye chuo, lakini aliyeadhibiwa ni binti aliyekuwa anaamka saa kumi na moja. Mwenye chuo kakimbia na hela, ninyi mmefanya kazi yenu, sisi tumebaki na stakabadhi.

Tulienda ofisi moja hapo mjini kuuliza, tukaambiwa ile miezi 9 haitambuliki popote, aanze upya chuo kingine, na ada upya. Hapo ndo nilichoka. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, si wana ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani, fundi hajawahi kukaa darasani, kajifunzia gereji chini ya mti, anapimwa anachokijua na anapewa cheti chake? Ni jambo zuri sana na jirani yangu fundi uashi kanufaika nalo. Sasa aliyejifunzia chini ya mti anapimwa, aliyejifunzia chini ya bati la chuo feki anaambiwa aanze sifuri, kwa nini? Mpimeni na yeye. Akifeli atarudi kusoma, akijua mpeni anachostahili, tena ingekuwa vizuri wapimaji wafike wiki ile ile chuo kinapofungwa kabla watoto hawajatawanyika kurudi Kondoa na Mpwapwa.

Halafu kuna hela. Kuna jamaa tulisoma naye sekondari yuko Marekani, nilipomsimulia akaniambia jimbo la California wana mfuko maalumu wa kurudishia ada wanafunzi wa vyuo binafsi chuo kikifungwa, ulichangwa kidogo kidogo kutoka kwenye ada zenyewe, na majimbo mengine chuo hakipati kibali mpaka kiweke dhamana kwanza. Sisi kwetu chuo kikisajiliwa NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kinaulizwa majengo, kinaulizwa mitaala, basi na waongeze hiyo, weka dhamana ya ada. Najua utaniambia chuo cha mdogo wangu hakikusajiliwa kwa hiyo mwenyewe asingeweka dhamana, ni kweli, ila mfuko ukiwepo hata faini za hao matapeli ziingizwe humo badala ya kwenda kusikojulikana, na sisi tulioumizwa tupate pa kugonga hodi.

Najua pia mtasema orodha ya vyuo iko kwenye tovuti. Ipo, nimeiona, baada ya kuibiwa. Mama yetu ana simu ya kitochi na ndiye aliyelipa awamu ya kwanza. Lazimisheni namba ya usajili ikae kwenye bango na kwenye kila stakabadhi ya ada, na mtendaji wa kata awe na orodha ya vyuo vya kata yake ukutani, hapo hata bibi akiulizia anajibiwa.

Mdogo wangu kwa sasa anafanya wiring huko Ihumwa na maeneo ya jirani, nyumba zinajengwa kila siku. Anapasua ukuta, anapitisha bomba, anafunga bodi, kazi yake safi na wenye nyumba wanamsifia. Lakini leseni ya ufundi umeme ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, bila cheti kinachotambulika hapati, kwa hiyo fomu ya kuombea umeme anasaini jamaa mwingine mwenye leseni ambaye hata ngazi hajapanda, anagonga muhuri na anachukua nusu ya hela. Binti kimya, atasema nini na hana karatasi.

Stakabadhi zangu zote 3 ninazo, zina muhuri wa chuo na saini ya mhasibu wao. Mkinihitaji hapo Mtumba niambieni siku yoyote isipokuwa ya mnada, nashuka nazo.

Muuza mahindi, Kibaigwa