Gia za ndani zisitupwe ovyo

Mhariri,

Hapa Malindi baiskeli nzee za Sturmey-Archer AW, zile za gia tatu ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, hung'olewa gia kwa madai kwamba "imekufa". Mara nyingi kilicholegea ni waya tu. Ukikanyaga pedali katika gia ya 2 ikazunguka bure, usifungue habu. Kaza kwanza cheni ndogo ya gia, ile inayotoka kwenye ekseli, kwa vidole hadi mwisho, kisha irudishe isizidi nusu mzunguko, ikae sawa na waya. Weka gia ya 2, chungulia tundu la nati ya kulia: ncha ya kijiti kilichoshikana na cheni hiyo iwe sawa na ncha ya ekseli. Waya ukilegea, habu huangukia pengo lililopo kati ya gia ya 2 na ya 3, ambapo hakuna gia inayoshika.

Waya ukiwa sawa na bado inateleza, huenda vijino vya ndani vimegandishwa na mafuta mazito. Tia mafuta ya taa ndani ya habu, zungusha gurudumu, mwaga, kisha kijiko kimoja cha chai cha oili nyepesi. Mafuta ya kupikia, hata kidogo, hapana! Hugeuka gundi.

Msomaji, Malindi