Salamu za Sikukuu kwa Kila Anayempeleka Mtoto Mpirani

Heri ya sikukuu, ndugu zetu mashabiki. Salamu hizi ziwafikie akina baba, akina mama, wajomba, mashangazi na kaka wakubwa ambao likizo hii wataulizwa na mtoto, "Leo timu yetu inacheza?" Neno zito hapo ni "yetu". Halifundishwi kwa hotuba. Mtoto hulipata kwa mtu aliyemshika mkono getini, na likizo ndiyo inayompa mtu huyo nafasi.

Mpira na sikukuu ni marafiki wa zamani. Mechi inayotambulika kuwa ya kwanza duniani kati ya klabu mbili ilichezwa Sheffield, Uingereza, tarehe 26 Desemba 1860, siku ya pili ya Krismasi. Sheffield FC waliwafunga majirani zao Hallam 2–0. Tangu mwanzo kabisa, mpira wa klabu ulikuwa jambo la jirani na jirani.

Swali la kwanza ni umri. Mtoto wa miaka 3 mpelekeni kwa furaha yenu, lakini msitegemee akumbuke. Watu wengi hawana kumbukumbu za kabla ya umri huo, na hata za miaka 4 au 5 hufutika upesi zisipozungumzwa. Kwa maoni yetu miaka 6 au 7 ndiyo mizuri ya kuanzia. Aliye mdogo zaidi apelekwe mazoezini au kwenye mechi ya vijana, ambako anaweza kusogea karibu na kuondoka wakati wowote.

Siku ya mechi fikeni saa nzima kabla. Wengi hupuuza saa hiyo, na kwa mtoto ndiyo yenye utamu kuliko zote. Makipa hutoka kwanza kupasha misuli, majukwaa bado matupu, na mpira ukitua kwenye glavu mlio wake unasikika hadi juu. Baadaye kelele zikijaa, mtoto hatausikia tena. Mwonyesheni mshika kibendera akikagua nyavu za goli kabla ya mchezo, mwacheni aulize.

Viti vya mbele kabisa humdanganya mtoto, maana kutoka chini anaona miguu na migongo tu. Pandeni juu kidogo, usawa wa mstari wa katikati, aone timu ikijipanga. Kisha mpeni mchezaji mmoja wa kumfuatilia, beki wa upande wenu kwa mfano, kwa sababu mpira peke yake humkimbia macho. Sheria ya kuotea (ofsaidi) msimweleze siku ya kwanza. Mkilazimika, anzeni na sehemu rahisi: mpira wa kurusha, kona na goli-kiki havina kuotea kwa anayeupokea moja kwa moja.

Masikio yake yalindeni. Pembe ya plastiki ikipulizwa karibu huvuka desibeli 110, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza kwa nusu muda ambao sikio linaweza kuvumilia bila madhara. Pamba haisaidii vya kutosha. Tafuteni vikinga vinavyofunika sikio lote. Namba ya simu iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mfukoni mwake, na kabla ya kuingia mwonyesheni mahali pa kukutana endapo mtapoteana. Filimbi ya mwisho ikilia, kaeni mlipo mpaka msongamano upungue. Dakika 45 mara mbili, na mapumziko ya 15 katikati, ni muda mrefu kwa mtoto. Akichoka wakati wa mapumziko, ondokeni naye bila kumlaumu. Aliyelazimishwa kumaliza mechi ya kwanza huwa mgumu kurudi kwa ya pili.

Wasio na uwanja karibu, au timu ikiwa ugenini, wana redio. Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu mtoto aliyejifunza kuuona mpira kwa masikio ana kitu cha kudumu. Chukueni karatasi ya kawaida ya A4 na rula, mchore uwanja wa kufuatia matangazo. Sentimita 1 iwe mita 5. Uwanja wa mita 105 kwa 68 unakuwa sentimita 21 kwa 13.6, na unaenea vizuri kwenye karatasi ikilazwa. Mbele ya kila goli choreni eneo la penalti: kina sentimita 3.3, upana takriban 8. Hiyo ndiyo "kumi na nane" ya watangazaji, jina lililobaki kutoka yadi 18. Doa la penalti liwe sentimita 2.2 kutoka mstari wa goli, duara la katikati liwe na nusu kipenyo cha 1.8, na goli lenyewe sentimita 1.5 tu. Mtoto akiliona goli lilivyo dogo kwenye uwanja mzima, anaanza kuelewa kwa nini watu hurukaruka likifungwa.

Kisha wekeni kifungo kimoja cha shati, ndicho mpira. Wanaopanga vifungo 22 hushindwa ndani ya dakika mbili, mkono hauwezi kumfuata mtangazaji. Mtoto asogeze kifungo anaposikia "winga ya kulia", "katikati ya dimba", "ndani ya kumi na nane". Kosa la kawaida ni kusahau kwamba kulia ni kulia kwa timu inayoshambulia, kwa hiyo choreni mshale wa kuonyesha timu yenu inaelekea wapi. Kipindi cha pili timu hubadilishana magoli. Igeuzeni karatasi, la sivyo mtoto atawashangilia wapinzani.

Linabaki la kufungwa. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Timu ya chuo ikishinda, wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo Jumatatu iliyofuata, na walipoisimulia mechi walisema "sisi" zaidi kuliko walipoisimulia iliyopotea. Kwetu tofauti hiyo ni silabi moja tu: tumeshinda, wamefungwa. Mtoto huisikia silabi hiyo kinywani mwenu kabla ya kusikia maneno mengine yote ya faraja. Basi mkitoka uwanjani vichwa vimeinama, semeni "tumefungwa". Msimwambie "ni mpira tu" huku machozi yanamtoka, kwa kuwa kwake si mpira tu. Wala msimalizie hasira kwa refa mbele yake, atajifunza kwamba kila kipigo kina mwizi. Mwulizeni alimwona nani aliyecheza vizuri leo. Jezi yake ifuliwe na avae kesho yake.

Maswali ya namna hiyo, yanayohitaji zaidi ya ndiyo au hapana, ndiyo yanayosaidia kumbukumbu ya mtoto kudumu. Rudini kwenye mechi ileile baada ya wiki, kisha baada ya mwezi: tulikaa wapi, nani alifunga, mvua ilinyesha wakati gani. Tiketi itunzeni, lakini nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto kama risiti na wino hufifia, hasa zikikaa kwenye joto au kwenye mfuko wa plastiki. Ipigeni picha siku hiyohiyo. Nyuma ya tiketi mtoto aandike kwa penseli, kwa mkono wake na makosa yake ya tahajia: tarehe, matokeo, na majina ya waliokaa kulia na kushoto kwake.

Tunawatakia sikukuu njema, safari salama za kwenda na kurudi uwanjani, na nafasi ya kutosha kwenye kiti cha pembeni yenu.