Kwa Mwanangu, Serehangi wa Uwanjani

Columbus, Ohio
Desemba, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mamako amelala, jana alikesha zamu hospitalini. Mimi niko hapa jikoni, chai imeshapoa, na simu uliyonipigia Jumatatu haijanitoka masikioni. Ulikuwa ndani ya gari kwenye maegesho ya uwanja, vitu vyako vyote vimeingia katika boksi moja. Asubuhi kocha mkuu ameachishwa kazi, na kufika adhuhuri ninyi makocha wasaidizi mliokuwa chini yake mmeambiwa mrudishe funguo. Ukaniambia, "Baba, vijana wangu walicheza vizuri msimu mzima." Sikuwa na la kukujibu. Nilikwambia ule kwanza, nikakata simu.

Jibu ninalo sasa, lakini inabidi nianzie kwa babu yako.

Unajua kwamba alikuwa mtu wa bahari. Sijapata kukueleza kazi yake hasa. Alikuwa serehangi katika jahazi lililokuwa likipakia boriti Lamu na kuzipeleka Mombasa. Nahodha hukaa tezi, na jina lake ndilo hutajwa bandarini chombo kinapotokeza. Serehangi yuko katikati ya nahodha na mabaharia. Babu yako alijua kamba ipi imeanza kulika, baharia yupi ana homa na anaificha, foromali ishushwe lini kabla upepo haujauvunja mlingoti. Safari ikienda vyema, nahodha alisifiwa. Chombo kikipanda mwamba, wote walilowa. Hakulalamika. Ila kila alipoitwa kwenye chombo kipya, swali lake la kwanza lilikuwa: nahodha ni nani? Ujira aliuliza baadaye, na mara nyingine hakuuliza kabisa.

Sasa niseme la kwangu. Uliponiambia unataka kuwa kocha nilikasirika, na wiki tatu sikukupigia. Nilitaka uwe mfamasia. Nilikuwa nimeendesha lori usiku na mchana katika nchi hii ili mwanangu avae koti jeupe, na mpira wenyewe sikuuelewa, mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono ukaitwa futiboli. Nilikukosea. Nakuomba radhi, na naiandika hapa ili ibaki kwenye karatasi.

Kilichonibadilisha ni Jumanne moja ya Oktoba, nilipopita chuoni kwako nikitoka kushusha mzigo. Hukuniona kwanza. Ulikuwa umeshika kadi kubwa ulizochora kwa kalamu nene, mbinu za timu mliyokuwa mkutane nayo Jumamosi, unawaonyesha vijana wa akiba wacheze kama wapinzani ili wenzao wazoee. Baadaye nilijua kwamba ulikuwa umekaa tangu alfajiri ukitazama video zao, mchezo mmoja mmoja, ukiandika: jaribio la ngapi kati ya manne, yadi ngapi zimebaki, nani kasimama wapi. Nilijua pia kwamba sheria za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, zinamwekea mchezaji kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na kocha hazimwekei kikomo chochote. Na malipo yako yalikuwa karo ya shahada ya pili na posho isiyojaza tangi la gari langu. Mwaka ule mazoezi ya machipuko yaliangukia Ramadhani. Ulifuturu kwa tende na maji katika chumba cha video, taa zimezimwa.

Lakini nilichokishika moyoni ni kijana mmoja wa safu ya pili ya ulinzi. Mara tatu alipitwa. Hukumpigia kelele. Ulikwenda ukasimama nyuma yake, ukamsogeza kisigino kwa mguu wako, kama inchi nne hivi, ukarudi ulipokuwa. Mchezo uliofuata alimfikia mwenye mpira na kumwangusha. Akageuka kukutafuta wewe kabla ya kushangilia. Nilirudi kwenye lori nikakaa kitambo kabla ya kuwasha injini.

Tangu hapo nasoma habari za watu wa kazi yako, na wengi wamepitia humu humu Ohio. Nick Saban alianza kama wewe, msaidizi aliye masomoni, Kent State mwaka 1973. Hakuwa amepanga kuwa kocha. Don James, kocha mkuu wa pale, alimwomba abaki, na Terry, mkewe Saban, alikuwa bado hajamaliza chuo. Kutoka hapo akaenda Syracuse, West Virginia, Ohio State hapa mjini kwetu, chuo cha wanamaji, Michigan State, kisha Houston kwenye ligi ya kulipwa. Alipata kuwa kocha mkuu Toledo mwaka 1990, miaka 17 baadaye. Alikaa msimu mmoja tu akarudi kuwa msaidizi, Cleveland, chini ya Bill Belichick. Watu huhesabu mataji yake saba ya taifa. Mimi dereva nahesabu safari za kuhama, na mke aliyefunga vyombo katika magazeti kila mara.

Yule ninayemfikiria zaidi, hata hivyo, ni Bud Foster. Alicheza Murray State, Frank Beamer akiwa kocha wake. Beamer alipochukuliwa na Virginia Tech mwaka 1987, Foster alimfuata. Akabaki pale hadi msimu wa 2019. Tangu 1995 alikuwa miongoni mwa viongozi wa ulinzi, na ulinzi ule ulibeba uwanjani kisanduku cha chakula cha mchimba makaa ya mawe, apewe mchezaji aliyestahili wiki ile. Mwaka 2006 alipata tuzo ya Broyles, ya kocha msaidizi bora nchini. Beamer alistaafu mwaka 2015, na Foster akabaki, akamsaidia kocha aliyekuja. Ukocha mkuu hakuupata pale. Unafikiri mtu huyo alishindwa? Kwangu mimi hakushindwa. Vijana waliopita mikononi mwake kwa misimu 33 wanajua nani aliwasogeza visigino.

Jina la tuzo hiyo nalo lina fundisho lake. Frank Broyles aliongoza timu ya Arkansas kuanzia 1958 hadi 1976, na miongoni mwa wasaidizi wake walikuwemo Joe Gibbs, Jimmy Johnson na Barry Switzer, ambao wote watatu baadaye walishinda Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, kama makocha wakuu. Kuna wakubwa wanaowakalia walio chini yao wasije wakachomoza. Broyles aliwalea wa kwake mpaka wakaondoka. Wewe tayari umeonja wa aina ya kwanza, huna haja nikueleze.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito, kwa sababu wewe ni mtoto mweusi na wachezaji wengi unaowafundisha ni weusi, na wanaoshika usukani bado wengi wao si weusi. SEC, ligi ya vyuo vya kusini, ilianza kucheza mwaka 1933, na haikupata kocha mkuu mweusi wa futiboli hadi Sylvester Croom alipochukua Mississippi State na kuanza msimu wa 2004. Alikuwa mchezaji hodari wa Alabama, na msaidizi pale miaka kumi. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Alabama walipotafuta kocha walimpita, wakamchagua mwingine. Sikuandikii haya ukate tamaa. Nataka ukipitwa na wewe, usianze kutafuta kasoro ndani yako kabla hujatazama vizuri upande wa waliokupita.

Sasa tuje kwenye nafasi mbili ulizozitaja. Moja ni kwenye chuo kikubwa, mchambuzi. Mshahara mzuri, jengo kama hoteli. Tangu 2024 wachambuzi wanaruhusiwa kufundisha uwanjani, hilo nimelisoma, lakini kwenda majumbani kwa vijana wanaosajiliwa bado ni kazi ya kocha mkuu na wasaidizi wake 10. Utakuwa mmoja katika kundi kubwa la watu wanaotazama skrini. Nafasi ya pili ni chuo kidogo cha daraja la tatu, ambako hata ufadhili wa michezo hakuna. Utafundisha safu ya pili ya ulinzi, utafua jezi, utaendesha gari ukapige hodi kwa wazazi kama mimi na kuwaeleza mtoto wao ataangaliwa na nani.

Ukiniuliza baba yako, nenda kule kidogo. Mikono yako ni ya kufundisha. Lakini kabla hujasaini, fanya kama babu yako. Wapigie waliowahi kufanya kazi chini ya kocha mkuu yule. Waulize walikaa miaka mingapi, na walipoondoka walikwenda wapi, na kama aliwapigia simu siku walipopata mtoto. Uliza msimu mbovu ukija husimama mbele ya nani. Ukisikia kwamba wasaidizi hubadilika kila mwaka, rudi nyumbani utafute kingine, hata kama mwezi utapita.

Ukishampata anayefaa, bishana naye Jumapili usiku mlango umefungwa, kwa adabu lakini bila kumung'unya. Jumamosi sauti iwe moja. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kijana aliye uwanjani ana sekunde chache tu za kusikia la kufanya.

Na Jumatatu uliponiambia vijana wako walicheza vizuri, jibu langu lilipaswa kuwa hili: nilijua. Nilitazama mechi zote. Ile ya Oktoba uliyokosa harusi ya dadako nilikuwa naitazama kwenye simu nje ya ukumbi, na yeye alitoka na nguo zake za arusi akaniuliza matokeo. Hana kinyongo nawe. Mpigie mwenyewe.

Niko huru kuanzia tarehe 27, nimeshaomba lori la mwenzangu. Kitanda chako kiache, hakuna maana kukibeba, lakini lete meza na yale madaftari ya mbinu yote, hata ya zamani. Mamako amesafisha chumba, na ametoa viazi karai kwenye orodha ya vyakula alivyokatazwa kukaanga na daktari, kwa siku moja tu, siku utakayofika.

Babako